Nani Afyeke Majani ya Reli?

Reli ya kutoka Kalemie kwenda Kabalo ina urefu wa kilomita 273, na sehemu kubwa ya safari hiyo inaandamana na bonde la Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka mto Kongo. Bonde hilo lina rutuba, na kwa reli rutuba ni adui. Mvua zikishika, majani yanafunika njia, mitaro inaziba, udongo unateremka juu ya kokoto. Lazima awepo mtu wa kufyeka, wa kuzibua, wa kuchomelea geti la stesheni, wa kushona sare, wa kupikia kikosi kilicholala porini. Baadhi ya kazi hizo hufanywa na vikosi vya shirika lenyewe, na nyingine shirika lolote la reli duniani hulazimika kuzinunua nje. Hazina fahari, lakini ukizijumlisha ni fedha ambayo karakana nyingi za mji huu wa Kalemie zingeishi kwayo.

Mwenye reli ni Leta, yaani dola, kupitia SNCC, shirika la taifa lenye makao yake Lubumbashi, ambalo ndilo pia linaloshika bandari yetu. Kwa hiyo swali la nani afyeke majani ni swali la fedha ya umma. Je, shirika la usafiri la umma litenge sehemu ya ununuzi wake kwa wafanyabiashara wadogo wa mahali, hata kama mkubwa wa mbali ana bei ya chini kidogo? Au kila kazi iende kwa mwenye bei nafuu, atoke Lubumbashi, Kinshasa au ng'ambo ya bahari?

Nimewaketisha watu wanne wabishane. Sauti zao nimezipanga mwenyewe, na sikuwapa majina kwa sababu si watu fulani: ni hoja zinazotembea Avenue Lumumba kila siku, zinashuka hadi gatini na kurudi. Yupo Mama Fundi, mwenye kikosi kidogo cha waashi na vibarua. Yupo Papa Karani, mstaafu aliyefanya kazi ya ununuzi na magazini maisha yake yote. Yupo Kijana wa Sheria, aliyemaliza chuo juzi. Na yupo Mama wa Ndagala, ambaye mali yake, dagaa wa ziwani, hupanda treni na yeye mwenyewe mara nyingine hupanda nayo. Nitaingilia nikiona hapana budi, na msimamo wangu sitauficha.

MAMA FUNDI: Nina patenti. Nina namba ya kodi. Nina vijana kumi na wanne ambao tumejenga nao mitaro, tumepaka rangi madarasa, tumefyeka barabara. Siku moja nikaenda kuuliza kazi ya kuzibua mitaro kwenye ofisi moja ya umma. Nikaonyeshwa tangazo. Kazi yote, kutoka mji hadi mji, imefungwa furushi moja. Anayeitaka alete ushahidi wa mikataba mitatu ya ukubwa ule ule aliyoimaliza zamani, na dhamana ya benki juu. Sasa niambieni, mikataba mitatu ya ukubwa ule nitaitoa wapi, na wa kwanza sijapewa? Sikushindwa kwa bei. Kwenye bei sikufika hata kidogo.

PAPA KARANI: Mama, nakusikia. Lakini masharti yale hayakuandikwa na mtu mwenye roho mbaya. Yaliandikwa na mtu aliyekwisha kuumia. Nimeona mtu akipewa malipo ya mwanzo, kesho simu yake haipatikani. Nimepokea misumari inayopinda kwa ngumi. Karani anayesaini hati ya kupokea ndiye anayeitwa siku mambo yakiharibika. Aliyemwombea jamaa kazi hayupo. Na kuna jambo lingine. Ukiandika kwamba sehemu hii ni ya wadogo, umewaambia wakubwa wajifanye wadogo. Tajiri atafungua kampuni kwa jina la dereva wake. Utakuwa umempa kazi mtu yule yule, kwa bei ya juu zaidi.

KIJANA WA SHERIA: Papa, niwie radhi. Unasema kana kwamba upendeleo ni ugonjwa mpya. Reli hii yenyewe ilizaliwa kwa upendeleo. Mwaka 1902 kampuni ya CFL ya Baron Empain wa Ubelgiji haikuambiwa ijitegemee sokoni. Ilipewa na dola la mfalme Leopold dhamana ya faida ya asilimia 4 kwa mtaji wake, na juu yake haki ya hekta milioni 4 za ardhi. Ndipo reli ikafika hapa mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville. Dhamana ile hakuna aliyeiona kuwa aibu. Leo mama mwenye vijana kumi na wanne akiomba kilomita tano za kufyeka, tunamwambia soko ni soko.

PAPA KARANI: Mwanangu, Empain alileta reli. Wewe unataka kugawa majani.

KIJANA WA SHERIA: Ndiyo, majani. Kwa sababu majani ndiyo yanayoweza kugawanyika.

Hapa naingia. Neno lenyewe linatukwamisha. Kiswahili cha kawaida kina neno upendeleo, na upendeleo masikioni mwetu ni dhambi: mwalimu anayempa mtoto wa dada yake alama, mkuu wa ofisi anayeajiri ukoo. Kwa hiyo mtu akisema anataka upendeleo kwa wafanyabiashara wadogo, tayari ameshindwa kabla hajamaliza sentensi. Sheria za Kenya, kwa Kiingereza chake, hutumia maneno ambayo ningeyatafsiri kipaumbele na fungu lililotengwa. Nalipenda neno fungu. Nyama ya sherehe hugawanywa mafungu, na hakuna anayemwita mwizi mtu aliyechukua fungu lake mbele ya macho ya wote. Tofauti ya upendeleo na fungu ni kwamba fungu limetangazwa, limepimwa, na kila mtu ameliona kabla ya kisu kushuka.

MAMA WA NDAGALA: Mmemaliza? Mnabishana nani afyeke. Mimi nauliza treni inaondoka lini. Magunia yangu yakilala ghalani wakati wa mvua, ndagala inashika unyevu, inabadilika rangi, na mnunuzi wa bara anaikata bei kabla hajafungua kamba. Njia ikifyekwa na Mchina, na Mluba, na malaika, kwangu ni sawa, mradi ifyekwe. Msinifanye mimi nilipe nauli kubwa ili ninyi mgawane kazi.

PAPA KARANI: Huyo ndiye niliyekuwa namngoja.

MAMA WA NDAGALA: Usinichukue upande wako bado, Papa. Na wewe nina neno nawe. Septemba 2019 treni ilipinduka Mayibaridi, humu humu mkoani mwetu, watu wakafa. Wengi wetu tulikuwa na mtu tuliyemtafuta siku ile kwa simu. Wakati huo kazi za reli zilikuwa zimegawiwa wadogo? Hazikuwa. Kwa hiyo usiniambie mkubwa ni usalama.

Sitaki kupita hapo haraka, kwa sababu kila anayepinga mafungu ya wadogo hushika neno usalama, na ana haki ya kulishika. Reli si barabara ya udongo. Kazi za breki, za daraja, za kuunga reli, za mitambo ya ishara si kazi za kujifunzia, na mtu akiniambia zitengwe kwa mwenye patenti ya mwezi jana, nitasimama upande wa Papa Karani bila kusita. Lakini hoja ya usalama inanyooshwa mpaka inafunika visivyohusika. Kushona sare si breki. Kupika chakula si daraja. Kufyeka majani hatua kadhaa kutoka njiani, kwa panga na mafyekeo, chini ya msimamizi wa shirika anayejua saa ya treni, ni kazi ambayo wanakijiji wa Nyunzu wanaiweza kuliko kampuni yoyote yenye ofisi ya vioo.

Nchi hii imeshalijaribu jambo la namna hiyo kwenye barabara. Katika miradi mingi ya barabara za udongo, matengenezo ya mkono hupewa kamati za mahali, zijulikanazo kwa herufi CLER. Kamati ya kijiji inapewa kipande chake cha kilomita, inapewa majembe na toroli, mkaguzi anapita, na kipande kikiwa kimetunzwa, kamati inalipwa. Kamati nyingine zimelala, hasa fedha ya mradi ilipokwisha. Lakini pale zilipolipwa, mtaro ulizibuliwa kabla mvua haijakata barabara, kwa sababu anayeuzibua analala mita mia kutoka pale. Ukaribu huo una thamani ambayo jedwali la bei halina safu ya kuiandikia.

MAMA FUNDI: Hilo ndilo nililotaka kusema. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii, nyumba za pwani zikaingia maji, barabara ya mjini ikaloa, nani alikuja na koleo usiku? Kampuni ya mbali haikuja. Ingekuja baada ya kuandikiana barua. Sisi tuko hapa. Kazi ya maji haingoji barua.

KIJANA WA SHERIA: Basi tufanye kama Kenya. Tangu 2013 serikali yao ina mpango wa asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria yao ya mwaka 2015 ikaongeza nguvu, na ikasema pia kwamba kaunti itenge angalau asilimia 20 kwa wazabuni wakazi wa kaunti hiyo. Tanzania nayo ina asilimia 30 kwa makundi maalumu, wazee wakiwemo. Sisi tuna sheria ya ununuzi wa umma ya Aprili 2010, na sheria ya Februari 2017 inayohifadhi ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Lakini ile ya 2017 ni ya sekta ya kibinafsi. Inamgusa mkandarasi mkuu anayegawa kazi yake. Haiambii shirika la Leta lenyewe linunue kwa nani. Tuandike agizo la mkoa: asilimia 20 ya kazi za reli na bandari kwa watu wa Tanganyika.

MAMA WA NDAGALA: Watu wa Tanganyika ni akina nani?

KIJANA WA SHERIA: Wenyeji wa mkoa.

MAMA WA NDAGALA: Mimi nilikuja hapa mwaka 2017 kutoka upande wa Nyunzu, nikiwa na watoto watatu na sufuria moja. Kwenye kambi waliniandika mhamiaji. Sokoni waliniandika mama wa ndagala. Wewe utaniandika nani?

Kijana alinyamaza, na mimi ningenyamaza pia. Kwa msomaji wa mbali, naeleza. Mkoa wa Tanganyika ulizaliwa 2015, Katanga ilipogawanywa, ukiwa na maeneo sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Mgawanyo ule uliamsha upya swali la nani ni mwenyeji wa wapi. Na kwa miaka ile ile Batwa na Baluba walikuwa wakiuana vijijini. Vita vile vilivyowaka kwa nguvu 2016 na 2017 viliwang'oa mamia ya maelfu ya watu, na Kalemie ikazungukwa na kambi. Katika mkoa wenye kidonda hicho, karatasi ya zabuni inayouliza asili ya mtu ni kiberiti mkononi mwa mtoto. Mtu atashinda kufyeka kilomita tano, jirani atahesabu kabila la vibarua wake, na majani yatasahaulika.

Hili si tatizo letu peke yetu. Marekani, tangu 1983, sheria yao ya usafiri iliweka lengo la asilimia 10 ya fedha za serikali kuu za usafiri kwa biashara ndogo za watu walionyimwa nafasi. Barabara, mabasi, treni za miji, zote zikafuata. Kwa miongo mingi mtu mweusi au mwanamke alichukuliwa, kwa kuanzia, kuwa miongoni mwa walionyimwa. Wakashitakiana mahakamani miaka yote hiyo, hadi Oktoba 2025 Wizara yao ya Uchukuzi ikaiondoa dhana hiyo na kumtaka kila mmoja athibitishe hali yake mwenyewe. Mtu anaweza kulia au kushangilia. Ninachokiona mimi ni kwamba swali la nani anastahili, likifungwa kwenye asili ya mtu, halifungi.

Kwa hiyo hapa naachana na Kijana, ingawa ndiye niliyempenda tangu mwanzo. Kipimo kisiwe ukoo. Kipimo kiwe ukubwa wa biashara na mahali inapoishi: inalipa patenti hapa, mauzo yake ni madogo, wafanyakazi wake wanalala hapa. Mtwa wa Nyunzu, Mluba wa Manono, Mbembe aliyevuka kutoka Fizi, mama aliyekimbia na sufuria moja, wote wapite mlango huo huo. Na kwa wale ambao hawajawahi kushika karatasi ya kampuni, sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya sheria ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, zina hadhi nyepesi ya mjasiriamali mdogo anayejiandikisha bila mzigo wa kampuni kamili. Mlango upo. Ni wachache waliowahi kuonyeshwa kitasa.

PAPA KARANI: Hilo nimelikubali. Lakini bado hamjanijibu kuhusu dereva wa tajiri.

KIJANA WA SHERIA: Wamarekani wanalo jibu, Papa. Huko kampuni ndogo haihesabiwi kwa kuwa jina lake limo kwenye mkataba. Inahesabiwa kwa kazi iliyofanya yenyewe. Ikiwa haijabeba angalau asilimia 30 ya mkataba wake kwa wafanyakazi wake, inachukuliwa kuwa ni pazia, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Mkaguzi anakwenda mahali pa kazi, anauliza: huyu kibarua analipwa na nani? Hili koleo ni la nani?

PAPA KARANI: Swali la koleo nalipenda. Magazini hatukuwa na mashine. Tulikuwa na swali kama hilo.

MAMA FUNDI: Koleo ni langu. Njoo ulitazame lilivyokwisha.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tumezungumza kupata kazi. Kupata kazi ya Leta siko kunakomwua mfanyabiashara mdogo wala siko kunakomponya. Kinachomwua kinakuja baadaye, na Mama Fundi anakijua kuliko sisi sote.

MAMA FUNDI: Tuseme nimeshinda. Kazi ya dola 8,000. Saruji ya Kabimba, mafuta, posho ya vijana, ninahitaji dola 5,000 kabla sijaanza. Benki hainijui. Naenda kwa mkopeshaji, ananipa kwa asilimia 4 kwa mwezi. Hiyo ni dola 200 kila mwezi. Nikimaliza kazi vizuri, faida yangu ni dola 1,200. Sasa gawanya mwenyewe. Miezi sita bila kulipwa, faida imekwisha. Mwezi wa saba, ninafanya kazi ya Leta kwa fedha yangu. Mwezi wa kumi, nauza mashine ya kuchanganya saruji. Vijana wangu hawajui habari za idara ya fedha. Wanajua mlango wangu. Wanakuja alfajiri wanakaa mbele yake, hawasemi kitu.

PAPA KARANI: Na mkubwa anangoja.

MAMA FUNDI: Mkubwa anangoja kwa sababu ana kazi nyingine nne. Bei yake imeshahesabu kungoja. Ndiyo maana bei yake inaonekana nzuri kwenye karatasi na yangu inaonekana mbaya: yeye anauza kazi na subira, mimi nauza kazi tu.

Sikiliza maneno hayo mara ya pili. Tunaposema mkubwa ana bei nafuu, mara nyingi tunachopima ni uwezo wa kuvumilia ucheleweshaji wa Leta. Ustadi wa kufyeka, wa kujenga, wa kushona umewekwa kando. Shirika la umma likilipa kwa wakati, tofauti ya bei kati ya Mama Fundi na kampuni ya mbali inapungua yenyewe, kabla hujatenga hata asilimia moja. Likichelewa, unaweza kutenga asilimia 30 au 50, utakuwa umewaalika wadogo kwenye mtego mkubwa zaidi.

Kenya ni shahidi. Mpango wao wa asilimia 30 ni mzuri kwa maandishi na umewafungulia watu wengi mlango. Lakini madeni yanayosubiri kulipwa, ya serikali kuu na ya kaunti, yamekuwa wimbo wa taifa wa wafanyabiashara wao. Mwaka 2019 ikambidi Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe aagize hadharani wauzaji walipwe, na tatizo halikuisha. Vijana waliokopa ili kupeleka bidhaa kwenye ofisi za umma wakapoteza dhamana zao. Sheria ilihesabu zabuni zilizotolewa. Siku za kungoja ziliachiwa wenye kungoja wazihesabu.

PAPA KARANI: Niseme jambo ambalo karani hapendi kulisema. Malipo hayachelewi kila mara kwa sababu hakuna fedha. Shirika la reli lililochoka kweli lina sanduku jepesi, hilo tulijue, na wafanyakazi wake wenyewe wanangoja mishahara. Lakini nilichokiona maishani mwangu, katika ofisi zaidi ya moja, ni hati iliyokaa mezani. Hati inahitaji sahihi tano. Kila sahihi ina mlango, na kila mlango una mtu anayejua kwamba mwenye hati ana njaa. Mkubwa haji mwenyewe kwenye mlango huo. Mdogo anakuja, na analeta kitu.

MAMA FUNDI: Nimeleta.

PAPA KARANI: Najua, Mama.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Ndipo nikaelewa kwamba hofu ya Papa Karani haikuwa kwa wadogo. Alikuwa akiogopa ofisi yake ya zamani, na kuwaongezea wanyonge mlango wa kugonga.

KIJANA WA SHERIA: Basi niandike nini? Kama asilimia haitoshi?

PAPA KARANI: Anza na furushi. Sheria ya ununuzi inakataza kukata zabuni vipande ili kukwepa ushindani. Makarani wengi wakisikia hivyo wanaogopa kukata hata pale inaporuhusiwa. Lakini kugawa kazi moja katika mafungu, ukayatangaza yote pamoja, siku moja, na kila mtu akashindania fungu analoliweza, hilo ni halali. Kilomita 273 si lazima ziwe kazi moja. Ziwe mafungu ya kilomita kumi. Mkubwa akitaka ashindanie mafungu yote. Mama achukue mawili.

KIJANA WA SHERIA: Na upendeleo wa kitaifa wa wafadhili? Benki ya Dunia ilipoingia na mradi wake wa usafiri wa mwaka 2010, wa dola milioni 255, kanuni zake za wakati ule ziliruhusu kuzipa bidhaa zilizotengenezwa nchini nafuu ya asilimia 15, na mzabuni wa nchini 7.5 kwenye ujenzi.

PAPA KARANI: Mzabuni wa nchini anaweza kuwa wa Kinshasa, mwanangu. Kutoka Kinshasa hadi hapa ni mbali kuliko Kigoma. Nafuu hiyo inapita juu ya vichwa vyetu kama ndege.

MAMA WA NDAGALA: Na mimi? Kwenye hilo fungu langu liko wapi?

MAMA FUNDI: Lako ni treni kuondoka.

MAMA WA NDAGALA: Basi liandikwe. Kipande cha mtu kikipitiwa na mkaguzi kikakutwa kina majani, aondolewe, awe mdogo au mkubwa. Nisisikie kwamba ni mtoto wa hapa, tumvumilie. Niliyevumilia ni mimi.

Alikuwa na haki kuliko wote. Mifano ya mabasi huko kwingine inaonyesha ni rahisi kumsahau msafiri kama yeye. Johannesburg, mabasi ya Rea Vaya yalipoanza 2009, serikali ilikubali wenye teksi ndogo wawe wamiliki wa kampuni ya kuyaendesha, na mwaka 2011 wakaichukua. Dar es Salaam, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza 2016, vyama vya wenye daladala viliingizwa kwenye kampuni ya uendeshaji. Nia ilikuwa njema katika miji yote miwili: aliyeishi kwa njia ile asifukuzwe njiani. Lakini abiria aliyesimama kituoni Kimara alfajiri hakuuliza hisa ni za nani. Aliuliza basi. Mpango wowote wa kuwapa wadogo kazi za usafiri utadumu ikiwa tu mtu anayesafiri atauona ndani ya safari yake.

Jioni ile, kwenye mjadala wangu wa kufikirika, Kijana alichukua karatasi na kuanza kuandika. Mafungu madogo, yatangazwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, yabandikwe stesheni na sokoni, si kwenye gazeti la Kinshasa peke yake. Kipimo cha ukubwa na makazi, bila swali la asili. Kazi za hatari zibaki nje. Uzoefu uhesabiwe kwa kazi ndogo zilizokamilika. Koleo likaguliwe. Alipofika kwenye malipo akaandika: mzabuni mdogo alipwe haraka iwezekanavyo.

PAPA KARANI: Futa hapo.

KIJANA WA SHERIA: Kwa nini, Papa?

PAPA KARANI: Nimesaini haraka iwezekanavyo maisha yangu yote. Andika siku.

KIJANA WA SHERIA: Siku ngapi?

Wote wakamtazama Mama Fundi. Alihesabu kidogo kwa vidole, midomo ikitembea, kama mtu anayetaja majina ya vijana wake kimoyomoyo.

MAMA FUNDI: Thelathini. Tangu mkaguzi asaini.

PAPA KARANI: Andika thelathini. Kisha mstari wa chini yake, andika nani atalipa riba ya mkopeshaji siku ya thelathini na moja.